Pembe Haziliwi: Mwongozo wa Kondoo kwa Mtu wa Bonde

Ukifika mnadani, tazama mkono wa mnunuzi unatangulia wapi. Anayeanza na pembe ameshaliwa, na dalali ameshajua. Mwaka juzi nilimtazama bwana mmoja, shati limepigwa pasi, simu mbili mfukoni, ameshika pembe za dume kama usukani wa bodaboda, anamkata kulia, anamkata kushoto. Dalali hafungi mdomo. "Bosi, tazama kifua hicho! Huyu ukimpeleka nyumbani sikukuu ya Idi, majirani wote watahamia kwako!" Bwana akahesabu noti. Aliondoka na pembe mbili za kupendeza, na nyuma ya pembe hizo kondoo aliyechongoka mgongo, uvimbe umening'inia chini ya taya. Uvimbe ule ni maji. Minyoo wakishamaliza damu, maji hujikusanya pale, na mnunuzi huambiwa kondoo amenenepa shingo.

Pembe haziliwi. Haziingii kwenye pilau, hazichomwi, hazitiwi supu. Nasema haya kwa mapenzi, maana nafuga kondoo hapa Ifakara, Lipangalala, na naumia kila nikimsikia mtu akitoka buchani analalamika kwamba nyama ya kondoo inanuka, ngumu, mafuta matupu. Kondoo hana kosa. Kosa ni la aliyemchagua, aliyemfuga, aliyemchinja, na wakati mwingine la aliyempakua. Nawaandikia wote wanne, na kila mmoja avumilie zamu yake ya kuchapwa.

Kwanza tazama ardhi, ndipo utazame kondoo

Kabla ya kuuliza mbegu gani ni nzuri, toka nje usimame kwenye majani. Viatu vimelowa? Basi umeshapata nusu ya jibu.

Ifakara iko bondeni, chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili. Masika yakikolea, mto Kilombero unavunja kingo na mbuga inageuka ziwa lenye majani. Mwaka 2002 bonde hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Ndege wanalipenda, sheshe wanalipenda, mpunga ndiyo usiseme. Lakini hakuna anayelipenda kama mnyoo wa tumbo.

Wataalamu wanamwita Haemonchus. Ni mwembamba kama uzi, urefu sentimita mbili au tatu, na jike lake lina mistari, mwekundu na mweupe, iliyozungukana kama kamba ya rangi mbili. Anakaa kwenye tumbo la nne la kondoo, ananyonya damu. Mayai yanatoka na kinyesi, yanaanguliwa kwenye joto na unyevu, watoto wake wanakwea majani yenye umande na kukaa pale wakisubiri mdomo upite. Sasa niambie, kuna mahali gani Tanzania pana joto, unyevu na majani kuliko hapa kwetu mwezi wa nne? Ukimtoa kondoo zizini alfajiri, umande haujakauka, umempeleka mwenyewe mezani kwa adui yake. Mwache alale. Jua likishapanda na majani yakakauka, ndipo afunguliwe. Wazee wa Kisukuma nilioanza nao ufugaji walikuwa wakinizuia kufungua zizi mapema, nami nikidhani ni uvivu wao.

Na kando ya madimbwi ya mpunga kuna konokono, na kwa konokono kuna minyoo bapa wa ini. Huko usimpeleke kabisa, hata majani yawe yanakuita kwa jina.

Mgeni mwenye suti

Kondoo wengi wa bonde hili waliingia kwa miguu. Wafugaji wa Kisukuma, Wamasai na Wabarbaig walishuka na ng'ombe wao kwa miaka mingi, na baada ya watu na mifugo kuondolewa Ihefu kule Usangu mwaka 2006, wengine wakaja huku. Mwaka 2012 ikafuata operesheni ya kuondoa mifugo katika bonde lenyewe, na makundi mengi yakasambaa tena. Kondoo wangu ni wajukuu wa safari hizo: wekundu wa rangi ya tofali, mkia mnene, manyoya mafupi, uso wa mpole asiyetaka ugomvi na mtu. Ndio wa ukoo wa kondoo mwekundu wa Kimasai, ambaye vitabuni anaitwa Red Maasai. Yupo pia yule wa mwili mweupe na kichwa cheusi kama aliyechovywa kwenye wino, Blackhead Persian. Kisha yupo Dorper.

Dorper ndiye mgeni mwenye suti. Mpana, mfupi wa miguu, mapaja yamejaa, na bei yake inakufanya ukae chini kwanza. Alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 na 1940, kwa kumpandisha Dorset Horn wa Uingereza na huyo huyo Blackhead Persian. Na Blackhead Persian, pamoja na kuitwa wa Uajemi, asili yake ni Usomali. Kwa hiyo dalali akikuletea Dorper kama mtukufu wa ng'ambo, mwambie unamfahamu: bibi yake alitoka Pembe ya Afrika, na hiyo ndiyo pembe pekee ninayoikubali katika mwongozo huu.

Sifa zake ni za kweli, simwonei. Kwenye malisho mazuri na makavu, mtoto wa Dorper anaweza kufikisha kilo 36 akiwa na miezi mitatu na nusu au minne. Mtoto wetu mwekundu wa umri huo akigusa kilo 12 kwa majani ya kuokoteza, unashukuru na kusonga mbele. Ukiziandika namba hizo mbili kwenye karatasi, hakuna mtu atakayemnunua mwekundu.

Wenzetu Wakenya waliziandika. Hadi katikati ya miaka ya 1970 kondoo mwekundu alikuwa amejaa katika nchi za wafugaji, mamilioni. Ndipo ukaja mpango wa kusambaza madume ya Dorper kwa bei ya ruzuku. Watu wakapandisha, wakapandisha watoto, wakapandisha wajukuu, hakuna aliyewaambia pa kusimama. Mwekundu halisi akaanza kutafutwa kwa tochi, na katika sehemu nyingi huyo mgeni hakuweza mazingira. Miaka ya 1990 watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, waliwaweka Dorper, wekundu na machotara wao pamoja kule Diani, pwani ya kusini ya Kenya, mahali pa joto na unyevu kama kwetu. Watoto wa Dorper walikuwa wazito zaidi. Pia ndio waliokufa zaidi. Wekundu walitoa mayai machache ya minyoo kwenye kinyesi, damu yao ilibaki nzito, na watoto wao waliishi. Ukijumlisha zizi zima, mwekundu alikuwa mbele kwa mbali.

Kilo za kondoo aliyekufa hazipimwi. Nililijua hilo kabla sijasoma habari za Diani. Nilinunua dume, robo tatu Dorper, kutoka kwa mfugaji wa mbali ambaye alinihakikishia kwamba amezoea mazingira yote. Alishuka garini kama mheshimiwa. Mwezi wa pili aling'aa. Mwezi wa tatu mvua ikatulia juu yetu, wiki ya kwanza kinyesi kikalainika, wiki ya pili nikafunua kope yake: badala ya nyekundu nikakuta nyeupe, nyeupe ya karatasi. Nilimpa dawa usiku huo huo. Alikufa siku ya tatu, kichwa kwenye mapaja yangu, na majike wangu wekundu wamesimama nyuma ya uzio wanacheua. Walikula majani yale yale.

Kwa hiyo fanya hivi. Msingi wa zizi uwe majike wa kienyeji, wekundu, waliozaliwa hapa na kuvuka masika mawili. Ukitaka kasi, tafuta dume chotara, nusu kwa nusu, na watoto wake wote wawe wa kuuza. Binti zake usiwarudishe kwa Dorper mwingine kwa tamaa. Wajengee banda lililoinuliwa, sakafu ya mbao au mianzi yenye nafasi, kinyesi kipite chini. Na kila wiki mbili wakati wa mvua funua kope. Waafrika Kusini wametengeneza kadi ya rangi tano, inaitwa FAMACHA, toka nyekundu iliyoiva mpaka nyeupe: unalinganisha jicho na kadi, unampa dawa anayehitaji tu. Ukimpa kila kondoo dawa kila mwezi, minyoo wanaobaki ni wale ambao dawa haiwawezi, nao watazaa. Huna kadi? Funua kope yako mwenyewe kwenye kioo uone nyekundu inafananaje, kisha nenda zizini.

Na wewe wa Dodoma au wa Simanjiro unayesoma haya huku vumbi likikuingia puani, Dorper kwako anaweza kuwa neema. Simsemi wa huko.

Kaka na dada

Hapa ndipo watu wanapogombana hadi kahawa inapoa. Dume au jike?

Mwaka jana jike wangu mmoja alizaa mapacha, dume na jike, usiku mmoja. Ziwa moja, zizi moja, mvua moja. Nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani anayenunua mpunga, na kila Jumapili nikawatia kwenye kiroba mmoja mmoja. Kiroba kinatikisika, kichwa kinachungulia juu, mshale unayumba kama mlevi kwenye mteremko, unasubiri mpaka mwenyewe achoke kupiga mateke. Walipofikisha miezi minne kaka alikuwa amemzidi dada kilo moja na nusu. Hakupendelewa; kwa kweli dada ndiye aliyekuwa akiwahi ziwa. Ni homoni za kiume. Zinasukuma mfupa na msuli, na mwili unachelewa kuanza kuweka akiba ya mafuta. Jike huanza akiba mapema, akiwa bado mdogo, kama mtu anayejua kwamba kuna mimba mbele na kiangazi baada ya mimba.

Hivyo dume hukua haraka zaidi na hutoa nyama nyekundu nyingi. Jike hukua taratibu, nyama yake hupata mafuta mapema, nayo ni laini na tamu akiwa mfarika. Maksai yuko katikati: hamfikii dume kwa kasi, lakini anamshinda jike, na mafuta yake yanakaa vizuri. Mpaka hapo hakuna wa kudharauliwa.

Ugomvi unaanza dume akibalehe. Anaacha kula, anafukuza majike mchana kutwa, anapigana, anakonda shingo inanenepa. Nyama inakuwa nyeusi na ngumu, na ile harufu ambayo watu wa Ifakara wameibandika kwa kondoo wote duniani inaanza. Harufu hiyo imo hasa kwenye mafuta, katika asidi fulani za mafuta ambazo dume mzima mwenye umri huwa nazo kwa wingi kuliko mtoto, jike au maksai. Sasa fikiria: mtu ana miaka arobaini, amekula kondoo mara tatu maishani, na mara zote tatu alikuwa dume mzee wa miaka minne aliyestaafishwa zizini. Lazima aape. Ni kama mtu aliyemjua jogoo mzee tu, halafu anaapa kwamba kuku hawaliki.

Kanuni yangu ni hii. Dume utakayemuuza au kumchinja kabla hajafikisha mwaka, mwache na vyake. Kasi yake ni faida na harufu haijafika. Utakayekaa naye zaidi ya hapo, mhasi mapema, akiwa na miezi mitatu hadi sita. Mwite afisa mifugo na koleo lake, lile wafugaji wanaloliita bardizo: linabana mishipa bila kukata ngozi, hakuna kidonda, hakuna nzi. Mambo ya wembe na majivu katika bonde lenye nzi kama letu ni ukatili, na siwezi kuusema kwa maneno laini. Kama unamlenga mteja wa Idi, usiogope maksai: wanazuoni wengi wanamkubali kwa kuchinjwa, na shehe wako atakueleza. Kasoro zinazomkataza zinajulikana: chongo la wazi, kilema cha wazi, ugonjwa wa wazi, na kukonda mpaka mifupa haina uboho. Yule wa pembe mbili za kupendeza aliyeuziwa bwana wa simu mbili alikuwa na angalau moja kati ya hizo.

Na jike? Mfarika mzima usimuuze, hata mtoto akiwa anadaiwa ada. Kopa, uza kuku, uza mpunga, omba. Ukimuuza mfarika umeuza zizi la miaka sita. Wa kuuza ni jike tasa, ambaye hunenepa kwa raha zake kwa kuwa hana wa kumnyonyesha, au bibi mwenye meno yaliyong'oka. Huyo bibi asiende kwenye mkaa. Nitamrudia.

Fungua mdomo wake

Dalali atakwambia umri. Mshukuru, kisha fungua mdomo wa kondoo.

Kondoo ana meno manane ya mbele, yote ya chini. Juu ana ufizi mgumu tu. Ya utoto ni madogo, meupe, yamepangana kama punje za mchele. Mpaka mwaka mmoja hivi ni hayo hayo. Kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, mawili ya katikati yanatoka na makubwa mawili yanaota, yanaonekana kama koleo mbili kati ya vijiko. Kila mwaka au karibu na hapo inaongezeka jozi. Akiwa na manane makubwa amefika miaka minne, na dalali bado anaapa kwamba ni kijana. Mshike taya kwa mkono wa kushoto, dole gumba likunje mdomo wa chini. Haumi. Atakutazama tu kama anakuuliza kwa nini hukuanza hapa.

Kisha peleka kiganja mgongoni, nyuma ya ubavu wa mwisho, juu ya kiuno, ubonyeze. Ukihisi mifupa imechongoka kama msumeno, rudisha mkono mfukoni. Ukiihisi kwa mbali, chini ya nyama, kama unavyohisi kifundo cha kidole chini ya ngozi, huyo ni kondoo. Pembe hujazigusa na umri na afya umeshavijua.

Pumba, na chakula kisichomhusu

Kilombero hatuna sababu ya kulia chakula. Baada ya mavuno kuna mabua ya mpunga, mashineni kuna pumba laini, Kidatu kuna molasesi ya kiwanda cha sukari. Wiki sita hadi nane za mwisho kabla ya kuuza, mpe maksai pumba laini na mashudu ya alizeti asubuhi na jioni, kidogo kidogo, ukiongeza kwa siku kadhaa. Ukimmwagia debe siku ya kwanza, tumbo litachachuka na utamzika akiwa ameshiba. Pumba laini nimesema. Makapi ya mpunga ni ya kuchomea matofali.

Na chakula cha nguruwe au kuku cha dukani kisimfikie. Huwekwa madini ya shaba, na kondoo, tofauti na hao wenzake, huyalimbikiza kwenye ini kimya kimya mpaka siku moja mkojo unakuwa kama chai ya rangi na anakufa. Wapo waliopoteza zizi zima kwa huruma hiyo.

Kuhusu kalenda: mimba ni miezi mitano. Ukitaka watoto wazaliwe mwanzoni mwa kiangazi, mwezi wa sita, matope yakikauka, dume aingie mwezi wa kwanza. Wamasai humfunga dume kipande cha ngozi tumboni, kikaning'inia mbele ya vyake, akazurura na majike bila kufanikisha lolote mpaka mwenyewe aamue wakati. Dume anaonekana kama fundi seremala aliyevaa aproni, lakini kazi imesimama. Anayelenga Idi akumbuke kwamba sikukuu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Ukipiga hesabu kwa kalenda ya ukutani ya mwaka jana, utakuwa na kondoo mzuri siku kumi baada ya watu kula.

Kwa mchinjaji

Ndugu yangu, kaa hapa karibu.

Unamleta kondoo kutoka ng'ambo ya mto. Zamani alingoja kivuko; siku hizi kuna daraja, na anapita juu yake kwenye bodaboda, miguu minne imefungwa pamoja, kichwa kinagonga tairi, jua la saa saba. Anafika Kibaoni, hapa Ifakara, ulimi nje. Dakika tano baadaye yuko chini ya kisu chako, na kesho unashangaa nyama imekuwa nyeusi, inanata kidoleni, na jioni imeshaanza kuharibika.

Msuli wa kondoo aliyetulia una sukari ya akiba. Akishachinjwa, sukari hiyo inageuka tindikali, nyama inashuka kutoka karibu 7 kwenye kipimo cha pH mpaka kama 5.5, inakuwa nyekundu ya kupendeza, inakaa. Aliyehangaika ameimaliza sukari njiani. Hakuna tindikali, nyama inabaki nyeusi na bakteria wanafurahi. Madume ndio wabaya zaidi kwa hili, maana ukiwafunga pamoja wageni watatu usiku mmoja watagombana mpaka asubuhi. Mlaze mmoja mmoja, au walaze waliotoka zizi moja, kivulini, na maji. Usiku mmoja tu. Mchinje asubuhi.

Wakati wa kuchuna, mkono ulioshika manyoya usishike nyama. Kuwe na mkono wa ngozi na mkono wa nyama, na ndoo ya maji katikati. Mafuta ya manyoya yakishapaka paja, hakuna tangawizi itakayoyaondoa.

Na mteja aambiwe ukweli: huyu ni dume mzee, huyu ni maksai wa meno mawili. Nimewasikia wauza samaki wetu wakitofautisha kambare wa mtoni na wa bwawani kwa sauti, sokoni, bila aibu. Kondoo naye anastahili kutambulishwa.

Kwa mpishi, kwa ufupi

Nyama ikikakamaa baada ya kuchinjwa, usiipike saa hiyo. Ama iingie sufuriani mapema, bado ina joto la mwili, ama ipumzike kwenye jokofu mpaka kesho. Katikati ya hapo ndipo inapotafunwa kama raba.

Maksai na mfarika wachomwe. Bibi mwenye meno yaliyong'oka achemshwe taratibu kwa saa tatu, kitunguu, pilipili manga, ndimu mwishoni. Nyuzi zake ngumu za uzee zitayeyuka kuwa mchuzi unaoshika midomo, na mchuzi huo juu ya wali wa mchele wa hapa hapa Kilombero ni kitu nisichoweza kukieleza nikiwa sijala. Mafuta ya mkia usiyatupe: kata vipande vidogo, yayeyushe, kaangia kitunguu cha pilau. Na pakua kikiwa cha moto. Mafuta ya kondoo huganda mapema kuliko ya kuku, yanaganda hata kwenye kaakaa la mtu anayeongea sana mezani. Wenye hotuba wahutubu baada ya kula.

Baba wa zizi

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kila sikukuu, mnunuzi anaingia zizini na kuchagua dume aliyekua haraka, mwenye mgongo uliojaa, kope nyekundu, aliyevuka masika bila dawa. Tunauza. Tunafurahia bei. Anayebaki zizini na majike ni yule ambaye hakuna aliyemtaka, mwenye miguu iliyopinda, na huyo ndiye anakuwa baba wa kondoo wote wa mwaka unaofuata. Mwaka unaofuata tunauza tena walio bora. Tumefanya hivyo miaka na miaka, kisha tunasema kondoo wa kienyeji ni wadogo, tuletewe Dorper. Udogo huo sehemu yake tumeutengeneza wenyewe, kwa mikono yetu, sikukuu baada ya sikukuu.

Kwa hiyo weka alama sikioni kwa dume bora akiwa na miezi minne, kabla hujajua shida za mwaka. Akishazalisha miaka miwili badilishana na mfugaji wa Mang'ula au Mlimba, asije akapanda binti zake.

Mwaka huu siku mbili kabla ya Idi kijana alikuja na bodaboda, kamba begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta wa kuchinja?"

"Ndiyo mama. Huyo." Alimwonyesha mwekundu wangu, mwenye alama sikioni, na tayari alikuwa ameshaingiza mikono kati ya mbao na kushika pembe.

"Huyo hauzwi."

Akataja bei. Nikatikisa kichwa. Akapiga simu, akarudi na bei nyingine, kubwa, ambayo ingelipa ada ya mjukuu wangu kwa muhula mzima. Dume amesimama tu, anacheua, pembe mikononi mwa kijana.

Nikamtoa maksai wa meno mawili kutoka banda la pili, hana pembe, kichwa kama yai. Kijana akamtazama kichwani, akaguna. Nikauchukua mkono wake, nikauweka mgongoni mwa maksai, nyuma ya ubavu wa mwisho. Akabonyeza. Akabonyeza tena, polepole, mpaka kwenye kiuno. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, huyu ni shilingi ngapi.